Dakika Nne za Tereza

Gogo la mkwaju haliishi kwa pigo moja la shoka, hata mpigaji awe na nguvu za fahali. Hubanduliwa kipande leo, kipande kesho, hadi siku moja mtu akaamka akakuta pamebaki majivu. Tereza aliyajua hayo tangu utotoni, lakini aliyajua kwa kuni tu. Kwa mwili wake mwenyewe ilimbidi afundishwe, tena kwa machozi.

Mama huyu alikuwa mpiga muheme, ile ngoma wanayoibana wanawake wa Kigogo katikati ya mapaja. Kijijini kwake karibu na Mvumi hakuwa na mpinzani ila shoga yake Anastazia. Walipiga pamoja, wakataniana pamoja, na lori lililowarudisha kutoka kwenye sherehe lilipopinduka, lilipinduka nao wote wawili. Anastazia alifia palepale. Tereza alitoka hai, lakini mgongo na bega la kulia havikumpa tena raha. Mifupa iliunga, maumivu yakabaki, mwaka wa kwanza na wa pili. Alihamia Chang'ombe, mjini Dodoma, kwa binti yake Devota, akawa mtu wa kuketi mkekani tu kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Sasa ndugu wa marehemu walipanga kuweka msalaba kaburini baada ya mavuno. Tereza alikuwa ameahidi mbele ya jeneza kwamba siku hiyo ngoma angeipiga yeye. Ilibaki miezi minne, na mkono wake haukuweza hata kusonga ugali.

Devota alimpeleka kwenye kliniki moja mjini, kwa mtaalamu wa viungo aliyeitwa Ernest. Kijana huyo alimwamkia kwa adabu, kisha akamsimamisha mbele ya runinga yenye kamera ndogo juu yake. Tereza akiinua mkono, mtu wa kwenye kioo naye aliinua wake. Maputo yalishuka kwa mdundo wa muziki, naye alitakiwa kuyagusa. Tereza aliguna. Loo, yeye mwenye wajukuu acheze gemu! Ernest hakubishana. Alimweleza kwamba mwili uliozoea maumivu huogopa hata kusogea kusikodhuru, na mchezo huusahaulisha hofu hiyo. Ila acheze dakika nne tu kwa siku, hata akijisikia mzima kama kigori.

Sasa, kwa wapiga muheme, kuiacha ngoma waimbaji wakiwa bado wanaimba ni aibu isiyofutika upesi. Na muziki wa runinga ile haukuwa na mwisho. Ukiisha, ulianza upya. Siku ya tatu Ernest aliitwa chumba cha pili, dakika nne zikapita, Tereza asiache. Bega lililegea, mikono ikakumbuka kazi yake, naye akalia kwa furaha huku akiyapiga maputo. Alicheza karibu saa nzima. Jioni hakuweza kushuka kwenye bajaji. Devota na jirani walimbeba. Alilala siku tisa akiuma shuka.

Alimwambia Devota ngoma yake apewe mwingine, kwani Anastazia angemsamehe. Devota hakuipeleka popote.

Siku ya kumi Ernest alifika nyumbani. Hakumlaumu; alijilaumu mwenyewe kwa kumwacha peke yake.

"Mama, ulitaka gogo zima liishe siku moja," alisema. "Pale wimbo haukuamrishi. Wewe ndiye wa kusema basi."

"Mwanangu, kuuacha wimbo katikati kunaniuma kuliko hili bega."

"Najua, mama. Basi hilo ndilo zoezi lenyewe."

Tereza akarudi kliniki, akaanza na dakika mbili. Aliyaacha maputo yakishuka bila kuguswa, akaondoka ameinamisha uso kama aliyefumaniwa. Wiki mbili baadaye dakika zikawa tatu, kisha nne. Siku ambazo maumivu yalipanda, alicheza nusu, lakini hakukosa kucheza. Jioni moja Devota aliporudi kutoka dukani alimkuta mama yake anasonga ugali, akasimama mlangoni akilia.

Siku ya msalaba ikafika. Tereza aliwaambia wenzake mapema jambo ambalo kijijini hapo halijapata kusikika: angepiga kwa kipimo chake, kisha Devota, aliyemfundisha kupiga yeye mwenyewe, angeipokea ngoma katikati ya wimbo. Wazee wengine walitikisa vichwa. Aliibana ngoma, akapiga, na udongo mkavu ukatikisika chini ya miguu ya waimbaji. Maumivu yalikuwapo, aliyasikia, lakini sasa yalikuwa kibanzi tu. Wimbo ulipokuwa mtamu kuliko wote, alimwashiria binti yake kwa kichwa. Mikono ya Devota ikaingia, yake ikatoka, mdundo usikatike.

Alisogea hadi kaburini, akaugusa msalaba kwa mkono wa kulia, ule ule ulioshindwa na mwiko.

"Nimekuja, shoga yangu," alisema. "Sikuumaliza wimbo, lakini nimeupiga."

Nyuma yake ngoma iliendelea kulia, na wale wazee waliotikisa vichwa nao wakaanza kuimba. Ama kweli, bandu bandu huisha gogo.