Azimio Lililokosa Vigelegele

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipata muhuri kabla ya kupata akili. Muhuri huo aliushika Mzee Kiboko, mwenyekiti wa baraza, na alichokigonga, kwa! kilikuwa sheria.

Mwaka mmoja kiangazi kilikausha kila kitu, likabaki bwawa moja. Kiboko na Bwana Nyati wakaandaa azimio: kuanzia kesho, bwawa ni la wenye uzito wa magunia kumi na kuendelea.

Bi Digidigi, ambaye hakufikia hata uzito wa debe, alizipata habari akiwakorogea wajumbe uji. Mwanawe hakuwa amelamba maji tangu juzi. Ulimi umekuwa gome.

"Twende tukaseme," alimnong'oneza Mama Nyati, mkewe Bwana Nyati.

"Tuseme vipi, shoga? Kanuni inataka wanawake wapike uji na wapige vigelegele. Basi!"

Bi Digidigi akaacha kukoroga. "Vigelegele, enh?"

Alipompelekea mwenyekiti bakuli, alipiga goti. "Shikamoo, Mzee. Nisamehe ujinga wangu. Hivi vigelegele vyetu vina kazi, au ni kelele tu? Maana ng'ambo ya mto azimio haliwi azimio mpaka lipigiwe vigelegele. Wanatucheka, eti baraza letu kama matanga."

"Matanga!" Kiboko alipaliwa na uji. "Baraza langu? Karani!"

Karani Korongo akaja mbio na kalamu.

"Andika: azimio lisilopigiwa vigelegele ni batili. Nakala kwa wahusika wote."

Kwa!

Bi Digidigi alirudi jikoni kwa akina mama wenzake. "Jamani, leo midomo ifungwe. Akiteleza mmoja tu, tumekwisha."

Wote wakamtazama Mama Nyati.

"Mniwie radhi," alisema. "Mume wangu ana magunia kumi na tano."

"Na ndama wako je?"

Mama Nyati akahesabu. Akahesabu tena. "Mawili," akasema.

Jua lilipofika utosini, azimio likasomwa.

"Wanaoafiki?"

"Ndiyooo!" wakanguruma wakubwa.

Kiboko akainua muhuri, akawageukia akina mama. "Haya, vigelegele!"

Kimya. Nzi alipita, na kila mtu akamsikia.

"Vigelegele, nimesema!"

Bwana Nyati akamkazia mkewe macho. Pembe za Mama Nyati zikatikisika, mdomo ukaanza kufunguka. Bi Digidigi akaukamata mwiko kwa nguvu mpaka ukakatika, ta! Mama Nyati akashtuka, akameza mate, akafumba mdomo.

"Basi tutapiga wenyewe!" Kiboko akafoka. "Nyati, piga!"

"Mimi?" Nyati akajaribu. "Lo... lo... muuu!"

Korongo akakohoa. "Mwenyekiti, kanuni inataka vigelegele. Hiki sijui nikiandike nini."

Kiboko akafura mpaka masikio yakapotea. "Nyinyi wanawake mna nini leo? Semeni!"

"Karani," Bi Digidigi akadakia, "andika kwamba mwenyekiti ametuamuru tuseme."

Korongo alikuwa ameshaandika.

Bi Digidigi akapanda juu ya kinu ili aonekane. "Mzee, mwanangu ana kiu ya siku mbili. Nawe Bwana Nyati, ndama wako ana magunia mawili. Kesho utamfukuza bwawani mwenyewe, au utamtuma askari? Sisi tunasema bwawa ni la kila mwenye ulimi!"

Nyati akageuka kumtafuta ndama wake. Hilo la ndama halikuwa kwenye ajenda.

"Lololololooo!" Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Mama Nyati. Vingine vikafuata mpaka vumbi likatimka.

"Hilo la kila mwenye ulimi sasa limepigiwa," akasema Korongo. "Limebaki muhuri tu."

Kiboko akawatafuta wenzake kwa macho. Nyati alikuwa ameshaondoka kumpeleka ndama wake majini. Kwa! Mzee aligonga taratibu, kama anayegonga kidole chake mwenyewe.

Nanyi mkumbuke, wanangu: sauti inayoombwa kushangilia ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukataa.