Ng'ombe wa Kitanda cha Mfalme

Mtu mmoja alikuwa na binti mmoja na kazi nyingi. Jina lake Matani, mchonga pembe za ndovu, aliyetekwa pwani ya kwao pamoja na mkewe na mtoto wao, wakapelekwa Ashuru ili akipambe kitanda cha mfalme. Haki yake tumpe: alimpenda Arishati, mwanawe, kama mboni ya jicho. Mkate wa mtoto, mafuta yake, shuka lake la baridi, vyote vilitoka kwenye patasi ya baba. Lakini mwanga wa kuchongea uliingia dirishani, na Matani alilikabili dirisha tangu alfajiri hadi magharibi, nyumba nzima akiipa mgongo. Mtoto alikihadithia kisogo cha baba yake. Kisogo kikajibu, "Mm."

Siku hizo aliagizwa vibao vya pembe vya kuzungushia kitanda, kila kimoja na ng'ombe anayemnyonyesha ndama. Akachonga ng'ombe mnene, miguu imara, shingo imenyooka mbele, kiwele kimejaa, na ndama chini yake akinyonya. Msimamizi wa karakana ya mfalme akakigeuzageuza kibao, akakirudisha. Hakina uhai, alisema. Matani akachonga cha pili, nacho kikarudi. Cha tatu kikirudi, fundi angepelekwa kubeba matofali ya ukuta, mbali na mkewe na mwanawe, na waliopelekwa huko hawakuonekana tena.

Basi Matani akawa hali wala halali. Mwishowe akamwekea mkewe vibao mapajani, maana mwanamke yule alikulia zizini, akamwomba amwonyeshe kasoro iko wapi.

Mkewe akavitazama kwa muda. Alimpenda mumewe, kwa hiyo hakumficha.

"Maziwa yapo, baba Arishati. Mama ndiye hayupo. Ng'ombe akinyonyesha hugeuza shingo, akamlamba mtoto wake. Hebu geuka nawe utazame."

Matani akageuka. Arishati alikuwa ameketi pembeni, anauhadithia mtungi wa maji. Habari yenyewe ilikuwa ndefu, na kila mara alinyamaza kidogo ili mtungi uitikie, kisha akaitikia mwenyewe kwa sauti nzito ya baba yake: "Mm."

Machozi yakamtoka yule bwana. Akaweka patasi chini mchana kweupe, kibao cha tatu hakijaguswa, akaenda kuketi kati ya mtungi na mwanawe, akamwomba aanze habari yake upya. Jua likatua wakiwa bado hapo.

Kesho yake akachonga. Safari hii mama alikuwa ameipinda shingo hadi ulimi unafika mgongoni mwa ndama. Msimamizi alikishika kibao kile, akakipeleka kubandikwa dhahabu, na Matani akabaki na watu wake.

Nanyi mnaotoka alfajiri kuwatafutia wana wenu riziki, Mungu na aibariki mikono yenu: huko nyumbani, siku hizi wanamhadithia nani?