Siku Breki za Sengondo Ziliponyamaza

Hapo zamani, wala sisemi zamani ya babu wa babu, nasema zamani ya Landrova, palikuwa na mume na mke huko milimani. Mume aliitwa Sengondo, mke Nakiete. Sengondo alikuwa na Landrova kuukuu yenye breki za kulia. Si kulia kidogo! Kila ilipoteremka kwenye daraja lililo chini ya nyumba yao, ilipiga ukelele mpaka mbuzi wakaacha kula. Majirani walicheka. Nakiete hakucheka. Aliinuka akabandika sufuria.

Mwaka mmoja mahindi yakakauka shambani. Sengondo akasema, "Mke wangu, nateremka tambarare nikabebe mizigo ya watu. Barua usizingoje, unajua mkono wangu mzito. Zingoje breki. Siku zikilia darajani, ujue ni mimi."

"Nitazingoja, mume wangu."

Akangoja. Mwaka wa kwanza gari likinguruma alikimbia mpaka darajani. Siye. Mwaka wa pili akakimbia. Siye. Wa tatu akakimbia, akajikwaa, akarudi akichechemea. Siye! Hapo akaapa: "Ngurumo sizikimbilii tena. Ngurumo ni za watu wote, kilio ni cha mume wangu."

Basi akawa anakaa na kusikiliza. Alimtamani, jamani, msimcheke. Alilala upande mmoja wa kitanda, na upande wa pili aliutandika upya kila asubuhi.

Mwaka wa saba akaja kaka yake, Mbaga. "Dada, mama hajiwezi, nawe umekaa hapa na upepo. Twende nyumbani."

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Mwanamke akichoka kungoja, huyang'oa mafiga yake matatu kwa mkono wake mwenyewe, na ndoa imekwisha. Nakiete akasema, "Kaka, nipe leo tu. Jua likigusa kizingiti na breki hazijalia, nitayang'oa."

Na siku hiyohiyo, Sengondo alikuwa amefika chini ya mlima! Tairi moja lilikuwa na pancha. Akaliacha gari kwa fundi Kajiru, akasema, "Nizibie pancha, bwana, nami nijinyooshe kidogo." Akalala fofofo.

Kajiru alikuwa amelisikia gari lile likiingia, na fundi wa kweli hawezi kusikia chuma kikilia akakiacha. Akaziba pancha, kisha akavua magurudumu yote manne. Akafungua madramu ya breki, akakuta vumbi la miaka limegandamana mle ndani kama ukoko wa ugali. Akalifuta kwa kitambaa chenye maji. Akavipiga msasa viatu vya breki. Akapaka grisi kidogo tu, pale chuma kinaposuguana na chuma. Akafunga, asidai kitu.

Sengondo akaamka, akashukuru, akaondoka. Kona ya kwanza, kimya. Kona ya pili, kimya. Akafurahi kama bwana harusi. Alipoteremka darajani akakumbuka ahadi yake, mkono ukaenda kwenye honi. Akaurudisha. "Ah, nitamshtukiza Nakiete wangu. Bado kidogo tu niwe mlangoni."

Huko juu jirani akaita, "We Nakiete! Gari hilo! Nenda katazame!"

Nakiete aliisikia ngurumo. Magoti yalitaka kuinuka, akayakataza. "Si lake hilo. Lake hulia."

Jua likagusa kizingiti. Akang'oa figa la kwanza. Akang'oa la pili. Akang'oa la tatu, akayaacha uani, akashika njia ya mgongo wa mlima nyuma ya kaka yake. Sengondo alipoingia kwake alikuta mashimo matatu na majivu yenye moto bado. Alikaa chini akalia, mwanamume mzima, bila kuona haya.

Wazee wa ukoo wakasema, "Mafiga huweza kurudi mara moja tu. Aliyesababisha yang'oke ndiye ayarudishe kwa mkono wake, akiomba radhi. Akiyagusa asiyestahili, hao wawili hawatakaa tena pamoja."

Sengondo akasema, "Ni mimi. Niliahidi kilio nikaleta kimya. Honi ilikuwa chini ya kiganja changu!"

Kajiru, aliyepanda mlima kwa miguu baada ya kusikia habari, akasema, "Hapana, ndugu yangu, ni mimi. Niliambiwa pancha nikagusa breki. Sikukuuliza."

Na Nakiete akatuma neno kutoka ng'ambo ya mlima: "Waambieni wasiyaguse, ni mimi. Nilisikia gari nikakataa kutazama. Nilikizoea kilio hata nikamsahau mtu. Niruhusuni nije."

Wazee wakabishana mpaka wakakauka koo. Huyu akisema fundi, yule anasema mume, yule anasema mke, na hakuna anayethubutu kusema la mwisho, maana wakikosea wamekosea moja kwa moja. Sengondo yuko upande huu wa mlima, hali akashiba. Nakiete yuko upande ule, hajaolewa wala hajaachika.

Haya, nyie mnaojua kuamua ya wenzenu, msinitazame mimi. Mafiga yako uani, na kuyarudisha ni mara moja tu. Je, nani alistahili kuyashika?