Sombe Chini ya Jiwe

Wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Maana yake ni kwamba kila mtu ana bahati na kipaji chake, na anayefunga safari kwa mwanga uliowashwa kwa ajili ya mwingine hujikuta gizani, tena mbali na kwao. Mamajusi wa Mashariki ndio pekee waliofuata nyota isiyo yao wakafika salama, na hao walikuwa wamebeba dhahabu. Dative wa mtaa wa Nyakabiga hakuwa na dhahabu. Alikuwa na sufuria, mwiko, na wivu wa kujaza magunia.

Wivu huo ulikuwa na jina, na jina lenyewe lilikaa upande wa pili wa ua wa matete. Liliitwa Odette, mama yake Lisette, mkimbizi wa Uvira aliyevuka mpaka na watoto wake, kinu chake na ulimi wake mtamu. Odette alikuwa mchuuzi: leo yuko bandarini, kesho yuko kwenye boti la Kigoma, keshokutwa anarudi na vitenge. Hayo yote Dative angeyasamehe. Asichoweza kusamehe ni sombe. Odette alipotwanga majani ya muhogo na kuyatia mawese na karanga, mtaa mzima ulipoteza adabu. Watoto waliacha mpira katikati ya mchezo. Mbwa waliketi langoni kwake kimya kama waumini wakati wa mahubiri. Na siku ya Pasaka, Gélase, mume wa Dative, mtumishi wa serikali asiyewahi kusifu hata mshahara wake, alikombeleza sahani iliyoletwa na jirani, akafuta mdomo, akasema, "Mama Lisette ana mkono."

Dative aliyameza maneno hayo kama mwiba wa samaki, na tangu Pasaka hadi Noeli yalikuwa yamekwama papo hapo kooni. Yeye alikuwa na mikono miwili tangu kuzaliwa, wala hakuna aliyewahi kuutaja hata mmoja.

Noeli ya mwaka ule haikuwa kama nyingine. Karatasi za amani zilikuwa zimetiwa saini huko ugenini, na milio ya risasi ilikuwa imepungua hadi watu wakapata nafasi ya kulalamikia mbu. Isitoshe, Sylvère alikuwa amerejea. Huyo alikuwa kaka yake Dative, wa tumbo moja, aliyekimbilia Tanzania mara tu baada ya kumzika mama yao kule milimani Muramvya. Miaka yote ya vita aliimalizia kambini. Sasa alikuwa amepata chumba huko Kinama, mtaa wa kaskazini mwa mji, na Dative alikuwa ameonana naye mara moja tu, mlangoni mwa kanisa, katika msongamano wa Jumapili ya Majilio.

"Noeli nitakula kwako, dada," Sylvère alimwambia. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa. "Nyumba ya mama haipo tena. Nyumbani kwangu sasa ni kwako."

"Nikupikie nini, kaka?"

"Chochote unachokijua. Ila kisamvu, hapana. Kisamvu nimekiacha Kigoma, na nisikikute huku."

Dative akacheka na kuitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba hakujua kisamvu ni mnyama gani. Kaka yake alikuwa amerudi na maneno ya Tanzania yaliyomganda kama vumbi la safari, na neno hilo lilisikika kama jina la biskuti za msaada, au ugonjwa wa kuku. Angeweza kuuliza. Lakini mwanamke aliyemaliza sekondari haulizi maana ya neno mbele ya parokia nzima. Tena wakati uleule Odette alikuwa akipita na kitenge kipya cha bluu. Macho ya Dative yakaondoka na kitenge, na masikio yakafuata nyuma.

Kwa kweli alikuwa na chakula cha kumpikia kaka yake. Kule Muramvya, kwenye baridi inayomfanya mtu akumbatie chungu, mama yao alipika Noeli kwa njegere kavu. Alizilowesha tangu jana yake, akazichemsha polepole pamoja na viazi hadi vikapondeka, kisha akamwagia samli ya ng'ombe iliyokomaa, ile ambayo harufu yake hubisha hodi kabla ya mgeni. Dative alikuwa amejifunza akiwa amekaa kwenye kigoda, magoti yakigusana na ya mama. Njegere zilikuwamo ndani ya nyumba. Samli pia ilikuwamo.

Tatizo ni kwamba Noeli majirani hupelekeana sahani. Dative alijua kwamba ya Odette ingefika, imefunikwa kitambaa cheupe, nayo ingetua mezani karibu na njegere zake za rangi ya tope. Akamwona Sylvère akionja. Akamsikia akisema, "Mama huyu ana mkono."

"Mgeni wangu, damu yangu, asifu sufuria ya jirani mezani pangu?" alijiambia. "Labda niwe nimekufa, na hata hapo nitafufuka nikanushe."

Basi akaamua. Atapika sombe. Atapika sombe itakayoifanya ya Odette ionekane kama majani ya mbuzi.

Huko milimani muhogo haukui, hivyo Dative hakuwahi kulelewa na sombe. Mwalimu wake alikuwa ua wa matete. Mkesha wa Noeli alijibanza pale penye upenyo, akijifanya kuanika nguo, akamchungulia Odette akitwanga, akichambua, akichemsha. Shati moja la Gélase lilianikwa na kuanuliwa mpaka likachoka. Aliona kila kitu. Aliona hata kwamba Odette aliiacha sufuria wazi tangu majani yalipoanza kuchemka, mvuke ukapanda zake.

"Tazama huyo," Dative alinong'ona. "Anaacha wazi makusudi, ili harufu ituchokoze."

Kwa mwenye wivu, hata mvuke ni matusi.

Siku ya Noeli, waliporudi misani, Dative aliwasha makaa nyuma ya nyumba badala ya uani. Alitaka siri. Harufu ikivuka ua, Odette atajua kwamba ameigwa, na kuigwa ni sifa, na sifa alikuwa nazo za kutosha. Kwa hiyo Dative alitandaza jani la mgomba juu ya sufuria, akaweka kifuniko, na juu ya kifuniko akaweka jiwe.

Carmen, binti yake mkubwa, alisimama akiangalia. "Mama, hiyo ni sombe au mfungwa?"

"Nenda ukapange sahani."

"Naenda. Nilitaka tu kujua kama anaruhusiwa wageni."

Kabla hajajibiwa, sauti ya Odette ikavuka ua. "Mama Carmen! Noeli njema! Leo jiko yako imenyamaza, munakula nini?"

"Chai tu, Mama Lisette," Dative akajibu, akiwa ameukumbatia moshi wa makaa kama mtu anayeficha mtoto.

"Chai ya Noeli? Apana, mi nitaleta ka kitu."

"Lete tu," Dative akasema, na moyoni akaongeza: utakikuta kinachokungoja.

Sombe ilichemka kifungoni. Dative alikaa karibu nayo, na kwa kuwa jiko ni mahali ambapo mtu hulazimika kukaa na nafsi yake, mawazo yakamjia bila kualikwa. Alimkumbuka mama yake akipuliza moto mashavu yamevimba. Mama hakuwahi kuuliza jirani amepika nini. Alikuwa akisema kwamba anayepika huku akitazama jiko la pili huunguza yote mawili. Dative aliona hapo kuna ukweli wa kumsumbua, akakoroga makaa kwa nguvu hadi ukweli ukaondoka.

Sylvère alifika mchana, viatu vimepigwa dawa, mkononi ana mkate uliofungwa karatasi. Gélase alimpokea kwa kumkumbatia bega hili na lile. Watoto walimwita mjomba kwa aibu, kama wanaojaribu kiatu kipya. Alipoketi alivuta pumzi ndefu puani, macho yamefumba, akitafuta kitu hewani. Hakukipata. Akafumbua macho, akatabasamu kwa adabu.

Dative alileta sufuria mezani mwenyewe, akaondoa kifuniko kama anayefungua sanduku la mahari.

Mvuke ukapanda. Chini yake kulikuwa na kitu cha rangi ya kijani iliyokufa, chenye mafuta mekundu yaliyojitenga pembeni kama hayataki kujulikana nacho. Gélase alikohoa. Carmen alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha.

Sylvère aliitazama sahani yake kwa muda. Kisha akala. Alikula kijiko cha kwanza, na uso wake ukajikunja kidogo, maana ilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Akala cha pili. Cha tatu kilisimama hewani.

"Kaka, vipi?"

"Hakuna kitu, dada. Ni nzuri." Akaweka kijiko chini, taratibu. "Ni kwamba nilikuomba."

"Uliniomba nini?"

Hapo hodi ikabishwa, na Odette akaingia na kitenge chake cha bluu, sahani mkononi, harufu ya mukeke, samaki wa ziwani, wa kuchoma na ndizi ikimtangulia kama mpiga tarumbeta. Mwaka huo, kumbe, hakuwa ameleta sombe hata jani moja. Ile ya jana watoto walikuwa wameimaliza. Akasalimia, akaiweka sahani, macho yake yakaangukia sufuria.

"Yesu. Nani alifunika sombe?"

Kifuniko chenyewe kilikuwa mikononi mwa Dative.

"Mama Carmen, sombe haifunikwagi. Ukifunika, uchungu inabaki ndani, inaenda wapi? Ndiyo maana tunaiacha wazi." Odette hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Dative zaidi. "Si ungeniita tu? Ni hatua mbili."

"Siyo kosa lake," Sylvère akasema haraka. "Hata ingekuwa tamu, mama, mimi kisamvu kimenishinda. Kambini tulikula hicho asubuhi, mchana na jioni. Mke wangu alikuwa anakichuma siku aliyofariki. Nikikiona, namwona yeye ameinama."

Dative aliweka kifuniko mezani.

"Kisamvu," alisema polepole. "Kisamvu ndiyo..."

"Ndiyo sombe," Odette akasema kwa upole. "Batanzania banaita vile. Mi naenda Kigoma kila mara, mama. Ungeniuliza, ningekuambia."

Angemuuliza. Neno moja, kupitia ua, kwa mwanamke ambaye jana alikuwa amemchungulia siku nzima.

Sylvère alisogezewa sahani ya samaki, akala kwa njaa ya mtu aliyeshinda kanisani, mpaka mifupa ikabaki myeupe kama sindano. Hakusema kwamba Odette ana mkono. Hakuhitaji. Alishukuru, akanywa maji, na jua lilipoanza kuegemea upande wa Kongo akainuka, kwa kuwa mabasi madogo ya Kinama hukatika mapema, na barabara za wakati ule hazikumsubiri mtu.

Dative alimsindikiza hadi njia panda. Walipoliona basi likija, Sylvère akauliza, bila kumtazama:

"Zile njegere za mama. Bado unajua kuzipika?"

"Najua, kaka."

"Ah." Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari ambayo hajui aiweke wapi. "Nilipokosa harufu yake nilipoingia, nikadhani umezisahau. Nikasema, mimi sikujifunza, mama hayupo. Basi, kama Dative amesahau, zimekwisha duniani."

"Rudi kesho. Nitazilowesha leo."

"Kesho nina kibarua. Tutaona, dada."

Akapanda. Kondakta akapiga bati la basi, na basi likamchukua kaka yake kuelekea kaskazini, amebeba tumboni samaki wa jirani.

Dative alibaki njia panda, mafuta mekundu yamemkauka kwenye kucha. Huko nyumbani njegere zilikuwa kavu, samli haijafunguliwa. Alikuwa na chakula kimoja ambacho duniani hakuna mwingine aliyebaki wa kukipika, na siku alipokuja mtu mmoja aliyekisafiria, yeye alikuwa amepiga magoti kwenye ua wa matete, akiiba mwanga wa jikoni kwa mtu. Asiyeamini na amuulize Dative, naye atamjibu kwa maneno ya wahenga: usisafirie nyota ya mwenzio.