Kigoda Kilichoijua Chai ya Mwanakombo

Mzee Shekue alimiliki nusu ya nyumba za mtaa, na tabia yake ilikuwa ya kunguru. Akiona kiti kizuri barazani kwa mpangaji, alikikalia, akajamba kidogo, kisha akasema, "Hiki changu, kilipotea," akakibeba hadi kwake. Mpangaji gani angebisha?

Siku alipokikalia kigoda kipya cheupe cha Mwanakombo, mmoja wa wapangaji wake, mwenyewe alitoka na birika, majirani wakitazama.

"Shikamoo, mzee wangu. Viti vya mtu huijua chai ya kwao. Hiki kikionja yangu kitageuka cheusi kwa furaha. Kikibaki cheupe ni chako, beba."

"Marahaba. Mimina, mwanangu, tucheke," alisema mzee, akainuka.

Mwanakombo alikimwagia chai ya rangi. Birika halijapoa, kigoda kilikuwa cheusi kama sufuria ya msibani. Vigelegele vikapigwa.

"Sasa twende kwako, mzee. Kila jirani aje na birika lake, tukavionjeshe na vile vingine."

"Msisumbuke!" mzee alidakia. "Nitavileta mwenyewe."

Kabla ya adhuhuri mkokoteni ulikuwa umerudisha viti vya watu wote.

Mume wa Mwanakombo alimnong'oneza, "Kumbe ile siki uliyolowekea misumari ya kutu ukakipaka kigoda, ndiyo inayogeuka nyeusi ikikutana na chai! Na hivyo vingine ulivipaka lini?"

"Mimi nilipaka hicho kimoja tu," alisema Mwanakombo. "Vingine vilipakwa na woga wa mzee."