Kanga ya Nyamizi

"Nakuuliza tena, huyo Beka ni nani? Na kwa nini umemjibu na kopa jekundu la mapenzi?"

Kaka yangu Sudi alikuwa anafoka kwenye simu, na Zaina, mchumba wake, anafoka vilevile upande wa pili. Simu iko spika, kwa hiyo na majirani walikuwa wanashiriki. Mimi nimekaa zangu kwenye kochi, fomu foo nimemaliza, matokeo bado, sina kazi zaidi ya kusikiliza ugomvi wa watu. Sudi ni fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndiyo ofisi yake. Mkono mmoja kashika simu, wa pili kashika pasi, macho yote kwenye picha ya Zaina mtandaoni, anasoma nani kaandika nini chini yake. Zaina anasema Beka ni binamu yake, wamenyonya ziwa moja. Sudi anasema hajawahi kuona binamu anamwita mtu malkia.

Hapo nikasikia harufu. Nikamwambia kaka, pasi. Akaninyamazisha kwa jicho. Nikamwambia tena, na safari hii akatazama, lakini too late, suruali ya suti ya mteja, bwana harusi, ilikuwa imeshaungua pajani, umbo zima la pasi.

Shangazi Mwasiti alikuwa kakaa mlango wa uani, anapepeta mchele. Hata kichwa hakuinua. Akasema tu, "Kipa akitazama jukwaani, mpira haupigi hodi."

Sudi akakata simu. Chumba kikawa kimya. Mimi sasa, kimya huwa kinaniwasha, nikamuuliza shangazi hiyo methali kaitoa wapi, maana shule hatukuisoma. Akasema shule hawakuwepo. Yeye alikuwepo.

"Zima pasi kwanza," akamwambia Sudi. "Halafu kaeni. Maneno haya yana wazazi wake, na wazazi wenyewe walikuwa wapangaji wenzangu."

Ikawa hivi. Shangazi kabla hajaolewa alipanga chumba Tabora, nyumba ya vyumba sita isiyo na dari. Si unajua nyumba za hivyo, ukuta unaishia njiani, juu ni mabati tu, mtu wa chumba cha kwanza akipiga chafya wa chumba cha sita anamwambia pole. Chumba kilichopakana na chake alikaa golikipa wa timu ya mji, timu waliyoiita Nyuki. Jina lake Kaijage, mtu wa Bukoba, mrefu, mikono kama makasia. Mpira alikuwa anaudaka kama anachuma embe. Ila uso sasa. Watu walimwita Ndimu. Ukimsalimia asubuhi anakujibu jioni, tena kwa kichwa. Mke wake alikuwa ameondoka na kumwachia mtoto wa kike wa miaka miwili, Koku, na tangu hapo hakuna aliyeyaona meno ya Kaijage, hata Nyuki wakishinda.

Mtu hawezi kudaka na mtoto mgongoni, kwa hiyo akatafuta dada wa kumlea. Akaletewa Nyamizi, binti wa Kinyamwezi kutoka Urambo. Huyo naye Mungu alimuumba siku ya sikukuu. Anaosha vyombo anaimba, anamwogesha mtoto anaimba, kuku wa mwenye nyumba anawasalimia mmojammoja. Wiki ya kwanza Kaijage akamwambia apunguze sauti. Nyamizi akasema sawa, Baba Koku, akapunguza, halafu akaanza kupiga mluzi.

Jioni akawa anambeba Koku mpaka uwanjani, wanakaa nyuma ya goli. Akamfundisha mtoto kupiga kelele, "Daka, baba!" Sasa hebu fikiria, umenuna zako golini, nyuma yako kasauti ka mtoto kanakwambia daka. Siku moja Kaijage akadaka, akageuka, akacheka. Mazoezi yalisimama. Beki mmoja aliapa kwamba hakujua kama Ndimu ana mwanya.

Shangazi anasema kuanzia hapo chumba cha pili kikabadilika. Akawa anasikia sauti mbili zinaongea wakati wa kula, na moja ni ya Kaijage. Lakini mwanamume hakutamka neno. Akipenda anakaa na penzi lake kama mtu aliyekalia yai, hainuki, hasemi. Na mtu wa hivyo wivu haumchelewi. Akaanza kuona kumbe Nyamizi hamchekei yeye peke yake. Anamchekea muuza maziwa. Anamchekea kinyozi. Na zaidi ya wote, anamchekea Pazi.

Pazi alikuwa mshambuliaji wa Nyuki, Mzaramo, mdomo haujui kufungwa. Mguu ulikuwa na plasta, kwa hiyo alikuwa hachezi, kazi yake kuchokoza watu. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu enzi za mababu. Akimwona Nyamizi tu, "mke wangu, mbona hujaniletea chakula?" Naye Nyamizi anamjibu, "mume gani wewe, hata miguu haijatimia." Siku moja Pazi aliingia uani na magongo yake, akaipua sufuria la maharage jikoni, akala, akaaga. Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Kaijage peke yake hakucheka. Aliambiwa ni utani. Akasema kwao utani una mpaka, na akaingia ndani bila kula.

Basi ikafika mechi ya mwisho. Nyuki wanataka sare tu wapande daraja. Mji mzima uko uwanjani. Nyamizi amekaa jukwaani na Koku, siku hiyo kajifunga doti mpya ya kanga, ya njano. Dakika zimebaki kidogo, bila kwa bila, Kaijage kadaka kila kitu. Mpira uko mbali kabisa, kwa kipa wa wale wengine, anajiandaa kuupiga.

Kaijage akasikia kicheko. Alikijua. Akatupa jicho jukwaani.

Akamwona Pazi kaivua kanga ya Nyamizi ya mabegani, kajifunga yeye kichwani kama bibi harusi. Nyamizi anaidai, Pazi anamuuliza kitu, watu wanasikiliza. Halafu Nyamizi akanyoosha kidole uwanjani, kikamlenga Kaijage pale golini, na jukwaa zima likaangua kicheko. Kaijage akaganda. Alikuwa bado anakitazama kile kidole wakati yule kipa mwenzake anapiga mpira wake. Ukaruka uwanja mzima, ukadunda mara moja, ukampita begani, ukaingia.

"Daka, baba!" Koku akapiga kelele. Alichelewa kidogo tu.

Nyuki hawakupanda. Na jioni hiyo, shangazi anasema, nyumba nzima ilikaa kimya ili isikie, na haikuhitaji kutega sikio.

Kaijage alimuuliza Nyamizi, Pazi ni nani kwake. Nyamizi kwanza akacheka, akadhani masihara. Akasema mtani. Kaijage akasema mtani gani anamvua mwanamke kanga hadharani. Akasema tangu aje na vicheko vyake nyumba imekuwa stendi, kila mtu anapanda na kushuka. Shangazi anasema neno hilo likapita juu ya ukuta, likamchoma hata yeye aliyekuwa anamenya vitunguu.

Nyamizi hakupandisha sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anaongea bila wimbo ndani yake.

"Baba Koku, mtani akikuchukulia kitu, lazima kikombolewe. Akichukua kanga ya mwanamke, anauliza nani wa kuikomboa. Anayetajwa ni mwenye mwanamke. Pazi aliniuliza mbele ya watu wote, nani wako?"

Kitanda kikalia, Kaijage kakaa.

"Nikakunyooshea kidole wewe. Ndiyo maana walicheka. Walifurahi."

Mimi hapo nikashika kichwa. Nikamuuliza shangazi, sasa si angemwomba msamaha palepale? Shangazi akasema wewe hujawahi kuona mwanamume aliyekosea mbele ya ukuta usio na dari. Alijua tunasikia. Kaijage akasema maneno mawili tu.

"Basi nenda."

Nyamizi akaenda. Alfajiri akambusu Koku usingizini, akachukua begi lake, kanga ya mabegani haipo, bado iko kwa Pazi.

Kesho yake Pazi akiwa kwa kinyozi akaulizwa kulikoni Ndimu kafungwa na kipa mwenzake. Ndipo akasema, "Kipa akitazama jukwaani, mpira haupigi hodi." Wenye vichwa vilivyonyolewa nusu wakacheka, wakatoka nayo, na mpaka jioni mji wote ulikuwa unaisema. Watoto walimwimbia Kaijage njiani. Lakini shangazi anasema kilichomuuma siyo hicho. Koku alikuwa akiamka anakwenda mlangoni, anakaa, anamwita dada. Anamwita, hapigi kelele, halii. Anangoja. Kaijage akawa anamtazama mtoto, na uso ule wa ndimu ukawa unamdondoka.

Siku moja akanunua jogoo. Akaenda naye kwa Pazi kuikomboa kanga. Sasa mtani hawezi kukupa kitu hivihivi. Pazi akamkagua jogoo, akasema huyu bubu, simpokei mpaka awike. Jogoo akakataa kuwika. Pazi akasema basi awike aliyemleta. Mbele ya baraza la kahawa, watu wamejaa, Kaijage yule, ambaye salamu tu ilikuwa inamshinda, akakohoa, akashika kiuno, akawika. Tena vizuri. Hakuna aliyemcheka, anasema shangazi. Walimpigia makofi kama kadaka penalti.

Akambeba Koku mabegani, kanga kwapani, mpaka Urambo. Alipofika kwa kina Nyamizi akapiga hodi. Akapiga tena. Wazee wako ndani, wanamsikia, wanamwacha. Mwishowe sauti ya Nyamizi ikatoka kwa ndani.

"Nani?"

"Kipa."

"Kipa gani?"

"Yule aliyefungwa."

Halafu Koku, ambaye hakuwa na habari ya mambo ya watu wazima, akapiga kelele kutoka juu, "Daka, dada!" Na mlango ukafunguliwa.

Shangazi akarudi kwenye mchele wake. Akatoa kijiwe, akakitupa uani. Akasema mpira haukumwomba Kaijage ruhusa, uliingia wenyewe. Ila kumrudisha Nyamizi, ilibidi yeye mwenyewe asimame nje na kupiga hodi. "Kwa hiyo nikisema kipa akitazama jukwaani, mpira haupigi hodi, simaanishi suruali tu."

Mimi nikamtazama Sudi. Sudi alikuwa anaitazama ile suruali, anapitisha kidole kwenye alama ya pasi. Akaikunja, akaiweka mezani. Simu akaiacha pembeni yake, kioo chini. Akavaa viatu.

"Shangazi," akasema, "yule jogoo wako mwekundu..."

"Jogoo wangu mwache. Mdomo unao."

Sudi akatoka, akafunga mlango.