Ramani Haioni Njia ya Ndoo

"Ramani haioni njia ya ndoo." Mliisikia jana mkutanoni, watu wazima wakacheka, nanyi mkabaki kutazamana. Methali hii ilianza hivi, na msinibishie, maana fundi aliyevuta uzi ni mimi.

Wakati huo mji wetu ulikuwa na bomba moja tu, kule bondeni. Karibu na njia ya bombani aliishi Mama Hoza na mumewe. Mzee alikuwa amepatwa na kiharusi, na choo chao kilikuwa nyuma kabisa, mteremkoni. Kila siku mama yule alimwegemeza begani wakashuka polepole. Mara mbili walianguka wote wawili. Mzee hakulalamika, ila alianza kukataa chakula, ili asiwe na haja ya kushuka.

Mama Hoza akaamua kujenga choo ubavuni mwa nyumba, mlango ufungukie chumbani kwa mzee. Nyuma ya chumba pangefaa pia, lakini ingebidi kuvunja dirisha, nami nikaona uvivu. Kibali cha ujenzi kilimtoa jasho: leta ramani, bado muhuri, njoo kesho. Miezi saba! Kilipotoka, alikileta kwangu amekifunga kwenye pindo la kanga. Nikapima, nikapigilia vigingi, nikavuta uzi. Vyote ndani ya kiwanja chake.

Sasa, kwetu mtu haruki uzi wa msingi. Ukiuruka, umeitakia nyumba mabaya. Na uzi wangu ulikata kichochoro walimopita wanawake wakitoka bombani. Kila apitaye alikuwa akimimina maji kidogo kwenye pipa la Mama Hoza, kwa kuwa yeye hakuweza kumwacha mgonjwa. Hakuna aliyewaagiza.

Siku ya pili pipa lilikuwa nusu. Siku ya nne, kavu.

"Wananionea kijicho," Mama Hoza akaniambia. "Kwa sababu nimepata kibali."

Nami, mjinga, nikaitikia.

Mara akamwona jirani yake, Mama Chambo, barabara ya juu, ndoo kichwani. Akamwita, "Mama Chambo! Nimewakosea nini?"

Mama Chambo akaja, akatua ndoo, anahema. "Hujatukosea, dada. Tunazungukia kule kanisani, basi hapa kwako hatufiki."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungesemaje? Mzee anahitaji choo. Tukakubaliana tuzunguke tu."

"Lakini ramani imepitishwa!" Akaifungua.

Mama Chambo akaigeuza huku na huku. "Hii nyumba. Huu mpaka. Njia ya ndoo iko wapi?"

Haikuwepo. Mama Hoza akaketi chini akalia, nami nikatamani ardhi inimeze. Ndipo sauti ya mzee ikatoka dirishani, nzito, neno kwa neno.

"Fundi. Toa uzi."

"Na wewe je, Baba Hoza?" nikamuuliza.

"Mimi nitashuka."

Mama Chambo alisikia. Kesho yake wanawake tisa waliingia ofisi ya ujenzi na ndoo zao, wakamshusha bwana mipango mpaka bombani, wakamtwika ndoo iliyojaa. Alipofika juu ya kilima kwa ile njia ya kuzunguka, viatu vilikuwa vimelowa. Hakubishana. Akachora choo nyuma ya chumba, akachora na kichochoro. Kibali cha miezi saba kikatoka kwa siku nne, na dirisha nikalivunja bila malipo.

Siku choo kilipokamilika, wanawake walijaza pipa kwanza. Kisha mzee akainuka, akashika ukuta, hatua sita, akafunga mlango mwenyewe. Mama Hoza akasimama pale, hajui mikono aiweke wapi. Mchana ule mzee alikula ugali, akaomba aongezwe.

Tangu hapo, mtu wa mji huu akileta karatasi yenye mihuri, sisi tunaitazama, tunaisifu, halafu tunamwambia twende tukatembee kwanza. Ramani haioni njia ya ndoo.